Kilichovuta Jino la Ami Awadh

Jino la Ami Awadh lilijaa kioo kizima cha kompyuta, na lote lilikuwa la buluu. Buluu kwenye ncha, buluu kwenye shingo, buluu mpaka ndani ya mfupa uliolishika. Kwa miaka tisa Pascalia alikuwa akipigia hesabu ndoano za kreni na mikono ya mashine za kubebea makontena katika karakana moja ya Changamwe, na kwake yeye buluu ilikuwa habari njema siku zote. Maana yake mkazo ni mdogo, chuma kimetulia, mtu aende zake akale. Lakini jino hili lilikuwa likitikisika. Mwenyewe akilisukuma kwa ulimi, lilikwenda na kurudi.

Jacktone, mchomeleaji, alisimama nyuma ya kiti chake na chupa ya maji mkononi.

"Hiyo ni nini, roketi?"

"Jino."

"La nani?"

"La mzee mmoja wa Kisauni."

"Na linatakiwa kubeba tani ngapi?" Jacktone akacheka mwenyewe. "Ukimaliza lake uniangalie hili gego langu. Lina kutu."

Pascalia hakugeuka. Alikuwa amefungua daftari lake la hesabu mahali alipoandika "Najua" upande mmoja na "Nadhani" upande wa pili, na upande wa "Najua" ulikuwa na mistari mitatu tu.

Kazi yenyewe ilimjia kwa ajili ya maswali yake. Mwezi uliopita alikwenda kuzibwa jino katika kliniki ndogo iliyo ghorofani kwenye barabara ya Port Reitz, na kabla hata hajaufumba mdomo vizuri alitaka kujua dawa ile ya kuziba inahimili nguvu kiasi gani, inapinda kabla ya kuvunjika au inavunjika tu, na nani aliyeipima. Daktari Alawiya hakuwahi kupata mgonjwa wa namna ile. Alimjibu alichojua, kisha naye akamuuliza kazi yake. Pascalia akaeleza: unachukua umbo la kitu, unakigawa ndani ya kompyuta vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kila kipande unakiambia kimetengenezwa kwa nini, kisha unakitwisha mzigo, na kompyuta inakuonyesha kwa rangi ni wapi panapoumia. Programu yenyewe ilikuwa ya bure. Alijifundisha mwenyewe, sura moja baada ya nyingine, saa za chakula cha mchana.

Wiki mbili baadaye daktari akampigia simu.

"Mfupa nao waweza kuugawa hivyo?"

"Sijawahi," Pascalia alisema. "Lakini sioni cha kukataza."

Mgonjwa alikuwa ami yake daktari, ndugu wa babake, fundi kanzu wa miaka sitini na minne. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yamelegea, la kushoto zaidi. Mengine yote yalikuwa imara na ufizi ulikuwa safi. Mara mbili Alawiya aliyafunga kwa nyuma kwa waya na gundi, na mara mbili waya ulikatika. Mfupa ulishaliwa kiasi kwamba hata skrubu ya jino la bandia isingepata pa kushika. Lililobaki lilikuwa kuyang'oa yote mawili na kumtia meno ya kuvaa na kuvua. Tarehe ilishawekwa: Alhamisi, wiki mbili mbele.

"Meno mawili tu, dakta," Pascalia alisema. "Watu wangapi wanatembea bila hayo?"

"Ami ni muadhini. Miaka thelathini." Alawiya akaendelea kueleza. "Kuna herufi hazitoki ila ulimi ukute ncha za meno ya juu. Nimemwambia ya bandia yatamsaidia, atazoea. Ameniambia siku nitakayoyang'oa, siku hiyo hiyo atamkabidhi mtu mwengine kipaza sauti. Wala hakusema kwa hasira. Alikuwa ashaamua. Kwa hivyo nataka uniambie jambo moja: waya uwe mnene kiasi gani ndipo usikatike?"

Swali kama hilo Pascalia alilijibu kila wiki. Kitu kikikatika, unaongeza unene. Lakini alijua pia kwamba hilo ndilo jibu la mtu asiyejua kilichokikata.

*

Kielelezo cha kwanza, kile cha buluu, alikipeleka kliniki kwenye kompyuta yake ya mkononi. Alawiya aliinama, akaligeuza jino huku na huku kwa kidole kwenye kioo, akauliza, "Kano iko wapi?"

"Kano gani?"

"Jino halikujengwa ndani ya mfupa kama nondo ndani ya zege. Kati yake na mfupa kuna kano nyembamba pande zote, nyuzinyuzi. Jino linaning'inia humo. Ukitafuna linabonyea kidogo, kisha linarudi."

"Unene gani?"

"Kama karatasi mbili za daftari. Pengine pungufu."

Pascalia alicheka akafunika uso. Alikuwa amelichomelea jino kwenye taya, kama vile alivyozoea kuchomelea bamba kwenye boriti. Kwenye picha za skani ile nafasi ilionekana kama kivuli tu, akaipuuza. Alirudi akaiweka, siku mbili nzima za kazi ya jicho, na alipotwisha tena nguvu ya kutafuna, buluu ikakimbia. Shingo ya jino ikazungukwa na manjano, na manjano ikawa nyekundu pale mfupa unapoanzia.

Hapo angeweza kufurahi, maana sasa kompyuta na daktari walikubaliana kwamba mfupa unaumia. Lakini aliweka picha ya rangi kando ya eksirei ya Ami Awadh, akazitazama moja baada ya nyingine mpaka chai yake ikapoa. Rangi nyekundu ilikaa sawasawa mbele ya meno yote mawili. Mfupa wa mzee haukuliwa hivyo. Uliliwa kona moja: mbele, upande wa kushoto wa jino la kushoto. Tena lile jino lilikuwa limeshuka. Lilikuwa refu kuliko mwenziwe kwa milimita moja na nusu, na limejigeuza kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka pembeni.

Alimpigia Alawiya.

"Dakta, kutafuna kunasukuma jino la juu liende wapi?"

"Juu. Lirudi ndani ya tundu lake, na mbele kidogo."

"Hili limeshuka chini. Kitu kinachosukuma juu kinawezaje kulishusha?"

"Meno yaliyopoteza mfupa hushuka yenyewe, mwanangu, hilo si ajabu. Na huenda upande wowote." Sauti ya Alawiya ilikuwa ya upole lakini haikulegea. "Usinitafutie jibu kwa sababu ni tamu. Hayo ni meno ya ami yangu, mimi mwenyewe nalitamani hilo jibu kuliko wewe."

Pascalia aliliandika lile onyo. Kisha akafanya jambo ambalo kwa chuma hakuwahi kulifanya, kwa sababu chuma huja na mzigo wake umeandikwa ubavuni. Aliuanza mkia akaenda kichwani. Badala ya kuuliza mzigo huu unaumiza wapi, aliuliza: mahali hapa pameumia, ni mzigo gani? Alichukua nguvu ndogo akaielekeza juu, akapiga hesabu, akaandika. Akaigeuza digrii kumi na tano, akapiga tena. Juu, mbele, pembeni, chini. Kila mzunguko ulichukua muda wa kwenda kantini na kurudi, na Jacktone kila akipita aliuliza kama mgonjwa bado yu hai.

Siku ya tatu picha mbili zikafanana. Nyekundu ilikaa kona ile ile iliyoliwa, na jino lilitaka kugeuka vile vile lilivyogeuka. Mshale wa nguvu ulielekea mbele, chini, na kushoto. Haukuwa wa kusukuma. Kitu fulani kilikuwa kikilivuta jino la Ami Awadh kutoka nje ya mdomo wake.

"Anakata uzi kwa meno," Pascalia alisema kwenye simu. "Ni fundi cherehani. Anauma, anavuta."

"Hilo nilimuuliza siku ya kwanza kabisa," Alawiya akajibu. "Aliapa. Wallahi, tangu nimeshika sindano sijakata uzi kwa meno. Alikasirika, hata. Kwao hao mafundi wakubwa hiyo ni aibu, ncha ya uzi hutoka imetafunika. Na ami hasemi uongo."

"Mimi sijasema anasema uongo."

"Basi?"

"Sijui. Naomba niende nikakae naye."

*

Duka la Ami Awadh lilikuwa Kisauni, chumba kimoja chenye mlango mpana, na kanzu nyeupe zimetundikwa ukutani kwa safu. Pascalia alifika Jumamosi asubuhi.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, ndoo ukae." Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, miwani imeshuka puani. Alipotabasamu aliuweka mkono mbele ya mdomo. "Wewe ndiwe bint wa makreni? Alawiya kanambia wanipima meno kama gati."

"Najaribu, mzee."

"Haya. Nifunue mdomo?"

"La. Fanya kazi zako tu. Mimi nitatazama."

"Utasinzia."

Hakusinzia. Alitazama vile alivyotazama mashine ngeni, bila kuamua mapema ni kipi cha maana. Mzee alipima, akakata kitambaa, akapiga pindo. Kila alipofika mwisho wa uzi aliunyoosha mkono akachukua mkasi mdogo uliofungwa kwa utepe kwenye goti lake. Pascalia alihesabu: mara kumi na tisa, mkasi mara kumi na tisa. Aliletewa kahawa na kaimati. Aliulizwa kwao ni wapi, akasema Bungoma, akaulizwa kama huko watu huvaa kanzu, akasema babake alikuwa nayo moja ya siku ya kulipa mahari, mzee akataka kujua shingo yake ilishonwaje, naye hakukumbuka.

"Hukuitazama!" Ami Awadh alimkemea. "Kanzu ni shingo."

Na kwa sababu walikuwa wameshaitaja shingo, aliamua kumwonyesha. Alitoa nyuzi nne za hariri nyeupe, akazifunga fundo mwishoni. Kigwe, alisema, ndicho hiki kinachozunguka shingo na kushuka kifuani. Cha dukani husukwa na mashine, na hufumuka. Kisha, bila kukatiza maneno yake, akalitia lile fundo katikati ya meno ya mbele, akaliuma, akazivuta nyuzi mbele, chini, na kushoto kwake kulikokuwa na mwanga wa mlango, na vidole vyake kumi vikaanza kusuka.

Pascalia aliweka kikombe chini polepole.

"Mzee," alisema, "hayo meno yanafanya nini?"

"Yaan'ishikia," mzee alisema kwa meno yaliyofumba.

"Si ulisema hutumii meno?"

Ami Awadh akalitoa fundo mdomoni. Alikuwa ameshangaa kweli. "Nliulizwa kama nakata. Sikati. Kushika ni kushika tu, mtu hushika hata kalamu. Tena kazi ya mikono miwili yataka na wa tatu wa kushikilia."

"Na huyo wa tatu zamani alikuwa nani?"

"Ziro. Tulikaa hapa sote miaka ishirini na sita. Yeye akishika ncha, mimi nasuka, akichoka, twabadilishana. Mato yalipomuishia, hata tundu la sindano halioni, akarudi kwao Kaloleni. Wapata mwaka wa nne sasa." Akaliviringisha fundo kidoleni. "Meno yalianza kucheza mwaka wa pili."

Pascalia alikuwa na mizani ndogo ya ndoano mkobani, ya kupimia mabegi ya wasafiri. Aliifunga kwenye nguzo ya mlango, akafunga fundo la kigwe kwenye ndoano yake, akamwomba mzee avute vile anavyovuta siku zote. Gramu mia sita. Tena. Mia tano na themanini. Tena. Mia sita na ishirini, na alipokaza fundo ikaruka ikafika kilo na kitu. Kigwe kimoja huchukua dakika arubaini. Siku za kawaida ni vinne kwa wiki. Karibu na Idi ni kutwa nzima.

Alawiya alipopigiwa alifungua faili la ami yake.

"Waya wa kwanza ulikatika Ramadhani," alisema hatimaye. "Wa pili ulikatika wakati wa kanzu za harusi ya watu wa Bakarani. Nami nililaumu kokwa za tende."

"Lakini ni nusu kilo tu, dakta. Nusu kilo na kidogo. Kwa chuma hiyo si kitu."

"Watoto tunawanyoosha meno kwa nguvu ndogo kuliko hiyo. Mfupa hauangalii uzito peke yake. Huangalia na muda." Kisha akarudi kuwa daktari. "Nataka kuona waya mnene unafanya nini chini ya mzigo huo. Na mwembamba."

Ule mnene haukukatika. Ulichofanya ni kuuchukua mvuto wote na kuupeleka kwenye meno ya jirani, moja kila upande, ambayo mpaka siku hiyo yalikuwa mazima.

*

Alhamisi Ami Awadh alifika kliniki amevaa kanzu nzuri kuliko zote, kama mtu anayekwenda kusindikiza. Alawiya hakumng'oa meno. Alimfunga waya mwembamba uliosokotwa, usio wa kuhamishia mzigo meno ya jirani, akamwambia: wiki sita, bila kitu chochote kushikwa na meno. Waya ukikatika tena, au jino likizidi kulegea hata kidogo, hakuna maneno mengine, yatatoka yote mawili. Pascalia alimpigilia mzee msumari imara kwenye nguzo ya mlango wa duka, na fundo likawa linafungwa hapo.

Siku ya nne ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya Alawiya, naye akamtumia Pascalia kama ulivyo.

"Alawiya. Mwambie huyo bint wa makreni msumari wake ni mjinga. Kigwe kimetoka kama barabara iliyochimbwa mabomba. Nimekifumua mara tatu. Wiki ijayo nina kanzu ya bwana harusi, sitaivika upuuzi. Ntarudi kwa meno yangu, hiyo moya tu, kisha basi."

Pascalia alikwenda Kisauni jioni ile ile baada ya kazi. Alikuta vigwe vitatu vimetupwa mkekani. Hata yeye aliona: mahali pamekaza, mahali pamelegea.

"Mzee, kwa meno ulijuaje kama nyuzi zi sawa?"

"Nausikia. Uzi moya ukilegea, jino lanambia." Aligusa ufizi, juu kabisa. "Hapa."

Pale pale penye ile kano. Pascalia alikaa kwenye mkeka. Alitazama msumari uliopigwa kwenye nguzo ukafika mwisho, hautikisiki kwa lolote, akahisi masikio yakipata moto. Alikuwa ameurudia mchezo ule ule: amechomelea. Jino lilikuwa likibonyea na kurudi, na katika kule kubonyea mzee alikuwa akisoma kazi yake. Msumari haukumrudishia kitu.

Aliomba mkasi, si ule wa kwenye goti, na akatoka mpaka kwa fundi wa baisikeli wa jirani. Alirudi na vipande vya mpira wa ndani ya gurudumu, vya upana mbalimbali. Alifunga kimoja kati ya msumari na fundo.

"Vuta."

"Huu wanyumbuka kama mlenda."

Akakifungua, akafunga kipana zaidi.

"Huu mgumu."

Cha tatu, cha nne. Cha tano mzee alivuta, akavuta tena, akafumba macho. Alisuka shubiri moja, akasimama, akarudi nyuma vidole vitatu na kufumua.

"Si jino," alisema.

"Si jino," Pascalia alikubali.

"Lakini hapa uzi ulikuwa umelegea, nami nliusikia. Mkononi nliusikia." Aliugusa mpira kwa kidole, kwa mashaka. "Niachie hiki. Na kile cha nne pia niachie."

Bwana harusi alivaa kigwe kilichofumuliwa mara mbili. Ami Awadh alituma picha yake bila neno lolote, na Pascalia aliikuza kwenye simu mpaka nyuzi zikawa nene kama kamba, akatafuta mahali palipolegea, akapata mahali pamoja tu, karibu na bega.

*

Wiki ya sita Alawiya alimwita Pascalia naye awepo. Mzee alilala kwenye kiti, mikono kifuani. Daktari alitazama waya kwa kioo kidogo, ncha hadi ncha. Aliligusa jino la kushoto kwa mpini wa chombo, akalisukuma, akasubiri, akalisukuma tena upande wa pili. Akapiga eksirei. Akaiweka kando ya ile ya zamani.

"Waya mzima," alisema. "Jino bado linacheza. Silioni likikaza, Ami, sikufichi."

"Lakini?"

"Lakini halikuzidi. Miezi minane nimekuwa nikilipima, na kila nikilipima lilikuwa limezidi. Leo ni mara ya kwanza limesimama pale pale. Mfupa huchukua muda, tutatazama tena baada ya miezi mitatu." Alifungua mlango akaita mapokezi. "Vivian! Jina la Ami lifute kwenye orodha ya kung'oa."

"Nimwandikie tarehe nyengine, dakta?"

"Ya kutazama tu."

Ami Awadh alikaa wima. Aliupitisha ulimi taratibu nyuma ya ule waya, mara moja, akaacha. Kisha akamgeukia Pascalia, aliyekuwa ameikalisha kompyuta magotini.

"Nionyeshe hilo jino."

Pascalia akafungua kielelezo. Alimwonyesha jino lake limekatwa kati, mzizi, kano, mfupa, na ile kona nyekundu. Mzee alivaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaomba ligeuzwe. Likageuzwa. Akaomba lirudishwe mbele.

"Na huyu wa kulia," alisema, akionyesha jino la pili kwa kucha, "yeye muda wote huo alikuwa afanya nini?"

Pascalia alitazama. "Sijui," alisema. "Sijampima peke yake."

"Basi mpime," Ami Awadh akasema, akavuta kiti karibu, na akangoja.